KCMC miaka 50: hospitali iliyothubutu kujikagua

Machi 1971 hospitali mpya, Kilimanjaro Christian Medical Centre (KCMC), ilifungua milango mjini Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro. Iliasisiwa na Shirika la Msamaria Mwema, fedha za kuijenga zikachangishwa na makanisa ndani na nje ya nchi, na Serikali ikaingia ubia kwa kubeba mishahara ya watumishi. Mwaka 2021 ilitimiza jubilei yake ya dhahabu, na leo mtu akisema "kapelekwa KCMC" haulizwi zaidi, awe Same, Mbulu, Karatu au Lushoto. Wanaomsikiliza wanajua hali ni nzito, na wanajua pia kwamba bado kuna pa kukimbilia.

Jubilei ya hospitali huwa ni wakati wa kuhesabu majengo na mashine, na KCMC inavyo vya kuhesabu. Ina vitanda zaidi ya 600, chuo cha udaktari kilichoanza 1997 na kituo cha saratani kilichofunguliwa mwishoni mwa 2016. Tunavipongeza vyote kwa moyo mmoja. Lakini tahariri hii inataka kusifu jambo ambalo haliwekewi jiwe la msingi wala kukatiwa utepe. Kwa miaka 50 hospitali hii imekuwa na tabia ya kujiuliza kama inachowafanyia wagonjwa ni sahihi, na pale jibu lilipokuwa chungu, imelitangaza mbele ya dunia nzima.

Chukua habari ya homa. Kila aliyekulia nchini kabla ya vipimo vya haraka anaijua njia yenyewe. Mtoto kachemka usiku, asubuhi anabebwa mgongoni hadi kituo cha afya, tabibu anamgusa paji la uso, anaandika malaria, dawa inatolewa. Penye hadubini damu ilipimwa, lakini hata jibu likirudi kwamba vimelea havikuonekana, dawa ya malaria ilitolewa vilevile. Haukuwa uzembe. Malaria kali inaweza kumuua mtoto mdogo kati ya asubuhi na jioni, na mwongozo wa tiba wenyewe ulifundisha kwamba ni afadhali kumtibu asiye nayo kuliko kumkosa aliye nayo. Kizazi kizima cha matabibu kilifundishwa hivyo, kikatibu hivyo, na kikaokoa watoto wengi kwa kufanya hivyo.

Mwaka 2004 jarida la kitabibu la BMJ la Uingereza lilichapisha utafiti ulioongozwa na Hugh Reyburn, uliofanywa chini ya Mpango wa Pamoja wa Malaria, ambao ni ushirikiano wa KCMC, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na vyuo vikuu vya London na Copenhagen. Miongoni mwa waandishi walikuwamo Raimos Olomi na John Shao wa KCMC. Walifuatilia hospitali kumi za kaskazini-mashariki mwa Tanzania. Wagonjwa 4,474 waliokuwa wamelazwa kwa jina la malaria wakiwa mahututi walichukuliwa damu, ikasomwa upya kwa uangalifu. Waliokutwa na vimelea walikuwa 2,062, yaani hawakufika nusu.

Hilo peke yake lilitosha kuwashtua watu, lakini habari nzito ilikuwa katika vifo. Kati ya wenye vimelea walifariki karibu 7 katika kila 100. Kati ya wasio na vimelea walifariki 12. Tunaomba msomaji azitazame tena tarakimu hizo mbili. Waliotibiwa ugonjwa wasiokuwa nao ndio waliokufa zaidi. Walikuwa na kitu kingine mwilini, nacho kiliendelea na kazi yake huku dripu ya kwinini ikidondoka.

Kitu gani hicho? Hilo ndilo swali lililobaki wodini, na Moshi haikuliacha. Kuanzia Septemba 2007 hadi Agosti 2008, KCMC na jirani yake Mawenzi, hospitali ya mkoa, waliandikisha wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa, watu wazima na watoto. Mara hii hawakutafuta malaria tu. Walitafuta kila walichokuwa na uwezo wa kukitafuta.

Inafaa tueleze kazi hiyo ilivyofanyika, kwa sababu ripoti huwa zinaimaliza kwa mstari mmoja. Mgonjwa anapofika wodini, kabla hajapewa dawa ya kuua bakteria, ngozi ya mkono inasafishwa vizuri, damu inavutwa na kuingizwa kwenye chupa yenye chakula cha bakteria. Chupa inawekwa ndani ya mashine yenye joto la mwili wa binadamu. Kitako cha chupa kina kiini kinachobadilika rangi pale bakteria wanapoanza kukua na kutoa hewa, na mashine inakichungulia kila baada ya dakika chache, usiku na mchana, kwa siku kadhaa. Ikitoa ishara saa nane za usiku, aliye zamu anaamka. Anachukua tone, analipaka kwenye kioo, analitia rangi na kulitazama, kisha anapiga simu wodini. Simu hiyo inaweza kubadilisha dawa ya mgonjwa kabla hakujapambazuka.

Kuna magonjwa ambayo hata chupa hiyo haiyaoni. Homa ya mgunda, inayotokana na mkojo wa panya na mifugo, na homa ya Q, inayotoka kwa mbuzi, kondoo na ng'ombe hasa wakati wa kuzaa, hazithibitishwi vizuri kwa damu ya siku moja. Inatakiwa damu ya siku ya kulazwa, halafu nyingine baada ya wiki nne hadi sita, ili kuona kama kinga ya mwili dhidi ya kijidudu hicho imepanda mara nne au zaidi. Maana yake ni kwamba mkulima aliyekwisha kupona, amerudi kwenye kahawa na migomba yake, anaombwa apande daladala arudi mjini kuchomwa sindano ambayo kwake haina faida yoyote tena. Walirudi, tena kwa mamia. Kila jubilei hii inapokumbukwa, tungependa watu hao watajwe kabla ya wafadhili.

Matokeo yalichapishwa 2013. Madaktari walikuwa wamewaandikia malaria wagonjwa 528, sawa na asilimia 60.7 ya waliolazwa. Waliougua malaria kweli walikuwa 14, asilimia 1.6. Karibu mmoja kati ya kumi alikuwa na bakteria ndani ya damu. Kati ya waliopimwa magonjwa ya bakteria yanayotoka kwa wanyama, robo na ushei walikuwa nayo: homa ya mgunda, homa za kupe, homa ya Q, brusela. Na karibu wanane katika kila 100 waliopimwa virusi vinavyoenezwa na mbu walikutwa na chikungunya, ugonjwa uliotambuliwa kwa mara ya kwanza duniani kusini mwa nchi hii hii, mwaka 1952.

Wapo watakaosema kwamba tarakimu hizi ni aibu kwa hospitali. Sisi tunaona kinyume kabisa. Waliochapisha utafiti huo pamoja na John Crump wa Chuo Kikuu cha Duke walikuwa madaktari wa wodi zilezile: Venance Maro na Grace Kinabo wa KCMC, Wilbrod Saganda wa Mawenzi. Waliandika kwa majina yao kwamba katika wodi zao, chini ya uangalizi wao, utambuzi wa ugonjwa ulikosewa kwa kiwango hicho. Hospitali ngapi zinaweza? Ni rahisi kuchapisha habari ya upasuaji uliofanikiwa. Kuchapisha kwamba ulichokiamini miaka yote hakikuwa sahihi kunahitaji taasisi yenye uti wa mgongo, na kunahitaji viongozi wasiowaadhibu wanaosema kweli.

Ni vizuri tukaongeza neno la tahadhari hapa, maana tarakimu za Moshi zinaweza kunukuliwa vibaya. Vijiji vya mlimani viko juu, kuna baridi, na Moshi yote malaria ilikuwa imepungua sana miaka ile. Msomaji wa Kagera, Kigoma au Lindi asizichukue kama kibali cha kukunja chandarua. Utafiti haukusema malaria haipo. Ulisema mgonjwa apimwe, na kipimo kiaminiwe.

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, awe mtoto au mtu mzima, popote panapowezekana. Tafiti za nchi nyingi zilichangia uamuzi huo, na hatudai kwamba ni wa Moshi peke yake. Lakini kila muuguzi wa zahanati anayetoboa kidole na kusubiri mistari kwenye kipimo cha haraka anafanya jambo ambalo wodi za kaskazini zilikuwa miongoni mwa zilizoonyesha kwa nini ni lazima.

Kazi ya macho ina habari yake, fupi na nzuri. Kahe Mpya ni kitongoji cha Rombo ambako vikope, ule ugonjwa unaokunja kope zikaikwaruza mboni mpaka mtu akapofuka, ulikuwa umejaa. Mwaka 2000 watafiti wa London na wenzao wa Tanzania, KCMC ikiwamo, waliamua kutibu kitongoji kizima kwa mara moja. Wakazi walikuwa 978, na waliopewa tiba walikuwa 956: azithromaisini, au mafuta ya macho ya tetrasaiklini kwa wasioruhusiwa kuimeza. Kabla ya dawa, maambukizi yalikuwa asilimia 9.5. Miaka miwili baadaye yalikuwa asilimia 0.1. Haki itendeke: katika muda huo waliokutwa na dalili walipewa pia mafuta ya macho ya tetrasaiklini, kwa hiyo dozi moja ya azithromaisini haikufanya kazi peke yake. Hata hivyo, dunia ilijifunza kutoka Kahe Mpya kwamba ukiwafikia karibu watu wote kwa pamoja, ugonjwa unakosa pa kujificha.

Tukirudi nyuma zaidi tunakutana na William Howlett, daktari wa mishipa ya fahamu ambaye jina lake haliwezi kutenganishwa na KCMC. Mwaka 1985 wilayani Tarime watu, wengi wao watoto na akina mama, waliamka miguu ikiwa imekaza na haitembei. Howlett na wenzake, akiwamo Glen Brubaker, walifuatilia kijiji kwa kijiji. Ilikuwa konzo. Ukame ulikuwa umeacha muhogo mchungu peke yake shambani, na njaa haikuwapa watu nafasi ya kuulowesha na kuuanika kwa siku zinazotakiwa ili sumu ya sayanidi iishe. Anayekula muhogo huo kila siku, bila samaki wala maharage ya kumsaidia mwili kuivunja sumu, anaweza kupooza miguu asipone tena. Utafiti huo ulitoka 1990, na thamani yake ni kwamba jibu lake liko mikononi mwa mama wa nyumbani mwenye beseni na jua. Howlett baadaye aliandika kitabu kinachofundisha magonjwa ya mishipa ya fahamu barani Afrika, kikatolewa 2012 na KCMC pamoja na Chuo Kikuu cha Bergen, kisomwe bure na yeyote anayekihitaji.

Wilayani Hai watafiti walikwenda nyumba kwa nyumba kutafuta wenye ugonjwa wa Parkinson, katika eneo la watu 161,000 hivi. Waliwapata 33, na zaidi ya robo tatu hawakuwahi kuambiwa na daktari yeyote wanaumwa nini. Wazee waliokuwa wakitetemeka walikuwa wamehesabiwa kuwa wamezeeka tu.

Halafu kuna Pasua. Wengi wa Moshi wanapita njia ya kwenda kwenye mashamba ya mpunga bila kujua kwamba karibu yao kuna vibanda ambamo vyandarua vya nchi nyingi vimejaribiwa kabla havijafika kitandani kwa mtu. Kibanda kina chumba kimoja, veranda yenye mitego, na mfereji mdogo wa maji unaokizunguka ili siafu na sisimizi wasiingie kula mbu waliokufa kabla hawajahesabiwa. Sakafuni hutandikwa shuka jeupe. Mtu wa kujitolea analala humo usiku kucha chini ya chandarua kilichotobolewa kwa makusudi matundu sita, kila tundu sentimita nne kwa nne, kwa sababu chandarua cha nyumba halisi hakikai muda mrefu bila kutoboka. Alfajiri mbu wanakusanywa mmoja mmoja kwa mrija wa kunyonya kwa mdomo. Walio hai wanawekwa kwenye vikombe na kupewa maji ya sukari, wanangojewa hadi kesho yake au keshokutwa ionekane nani atakufa. Kazi hiyo inafanywa usiku baada ya usiku, kwa miezi, na haina picha ya kupendeza ya kuwekwa gazetini.

Kazi ya namna hiyo ndiyo iliyoonyesha kwamba mbu wa nchi hii wameizoea dawa ya zamani ya vyandarua. Kazi haikuishia kwenye vibanda. Watafiti wa chuo cha KCMC, wakishirikiana na NIMR na London, walipeleka Muleba, mkoani Kagera, chandarua chenye kiungo cha ziada kinachoivunja kinga ya mbu, wakakilinganisha na cha kawaida katika makazi ya watu. Kilikinga vizuri zaidi, na mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likapendekeza vyandarua hivyo kwa ushahidi wa Muleba. Misungwi nako wakapima aina nyingine tena. Na Oktoba 2021, shirika hilohilo lilipopendekeza chanjo ya kwanza ya malaria kwa watoto, Korogwe ilikuwa miongoni mwa vituo 11 katika nchi saba vilivyobeba jaribio lake kubwa, lenye watoto zaidi ya 15,000. Korogwe ilijengewa uwezo huo na NIMR Tanga na Mpango wa Pamoja wa Malaria. Wazazi wa Korogwe walikubali watoto wao wachanjwe wakati hakuna aliyejua kwa hakika kama chanjo itafanya kazi. Tunawashukuru.

Utafiti bila wanafunzi hufa na mtafiti wake, na hapo pia KCMC ilifikiri mbele. Tangu 1981 kituo chake cha mafundi wa viungo bandia kimefundisha watu kutoka pande nyingi za Afrika. Tangu 1992 kituo cha ngozi kinapokea matabibu wa nchi mbalimbali, kinawafundisha kwa miaka miwili, kisha wanarudi kwao kutibu watu ambao huenda hawatamwona daktari bingwa wa ngozi maishani mwao. Kutoka kituo hicho kulizaliwa pia jambo dogo tunalolipenda sana. Madaktari walichoka kuwapasua vijana wenye ualbino saratani ambayo ingeweza kuzuiwa. Mafuta ya kujikinga na jua yaliyoagizwa nje yalikuwa ghali na yalikuja kwa kubahatisha. Ndipo yalipoanza kutengenezwa hapo hapo Moshi, kwa jina la KiliSun, yakichanganywa kwa kusikiliza watumiaji wenyewe, na kupelekwa vijijini kwenye kliniki zinazotembea. Mtoto anapakwa kabla ya kwenda shule. Huo nao ni uvumbuzi wa kitabibu, hata kama hauna taa zinazowaka.

Kusifu si kufumba macho. Karibu kila kazi tuliyoitaja ililipiwa na fedha za nje: Uingereza, Marekani, Denmark, Norway. Hatuwalaumu waliotoa. Tunasikitika kwamba swali linaloulizwa Moshi bado linangoja kibali cha bajeti kutoka mbali, na kwamba mradi unapokwisha, vitendanishi navyo vinakwisha na mashine inabaki imefunikwa kitambaa. Umoja wa Afrika ulishaweka lengo kwamba kila nchi itenge asilimia moja ya pato lake kwa ajili ya utafiti. Sasa lionekane kwenye vitabu vya Hazina. Pia tunataka kuona majina ya Watanzania yakitangulia kwenye machapisho mengi zaidi, maana vijana wenye uwezo huo wapo, wamefundishwa na chuo hichohicho.

Kisha kuna deni kwa waliotoa damu. Kijiji kinachochangia utafiti kina haki ya kuelezwa matokeo kwa Kiswahili kinachoeleweka, kwenye mkutano wa kijiji, na mtu anayeweza kuulizwa maswali na kuyajibu. Baadhi ya miradi imefanya hivyo vizuri. Inapasa iwe sharti kwa yote.

Lililo la haraka kuliko yote ni homa iliyobaki bila jina. Leo tabibu wa wilayani akisoma kipimo na kukuta hakuna malaria, mara nyingi hana kingine cha kupima. Anaandika dawa ya kuua bakteria kwa kukisia, na kukisia huko kunalea usugu wa dawa. Homa za kupe, homa ya mgunda na homa ya Q zinatibika kwa doksisiklini, dawa ya bei nafuu inayopatikana nchini, mradi tu mtu azifikirie. Kwa hiyo tunaiomba Wizara ya Afya ifanye mambo mawili. Kwanza, mwongozo wa tiba uyataje magonjwa haya waziwazi kwa mgonjwa mwenye homa asiye na malaria, na tabibu afundishwe kumuuliza mgonjwa kuhusu mifugo, panya na kupe. Pili, hospitali za wilaya za kanda ya kaskazini zianze kupewa chupa za kuoteshea damu na utaratibu wa kuzifikisha maabara ya rufaa siku hiyohiyo. Mabasi ya Rombo na Same yanafika Moshi kila siku, na maabara ya KCMC inao watu wanaojua la kufanya chupa hizo zikifika.